Pipa la Visu

Mwezi uliopita, mpakani, kijana mmoja mwenye sare alipekua mkoba wangu akatoa kisu changu kidogo cha kukunja, kile ninachokatia kamba za mizigo na kumenyea machungwa njiani. Akakifungua, akakitazama, akaniambia sheria hairuhusu. Sikubishana. Zamani ningebishana, ningemweleza kwamba mimi ni mama mzima mwenye duka la nguo Somanda, na kwamba kwa kisu kile hata kuku angenicheka. Lakini nimechoka. Ukivuka mpaka mara kwa mara kufuata vitenge, unajifunza kwamba maneno nayo ni mzigo, na magoti yangu hayataki mzigo wa nyongeza. Nikamwambia sawa, baba. Akakitupa kwenye pipa la chuma lililokuwa nyuma yake, nacho kikalia kilipogonga vingine vilivyomo.

Ni ule mlio ulionikamata. Nilibaki nimesimama na mkoba ulio wazi, watu nyuma yangu wakinihimiza nisogee, na pua yangu ikajaa harufu ya damu ya ndama na majivu.

Nyumbani kwetu Nkololo, baba alikuwa na kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe, na kazi yake ilikuwa moja tu, kukata masikio ya ng'ombe. Hakikukata nyama wala kamba, na mama alijua kwamba hata kitunguu kikimshinda asikiguse. Kila boma lilikuwa na alama yake. Yetu ilikuwa sikio la kulia lililopasuliwa ncha kama mkia wa mbayuwayu. Siku ya kukata, ndama alilazwa chini, sisi watoto tukamkalia mgongoni, baba akaliweka sikio juu ya kigogo na kukigandamiza kisu mara moja tu. Mama alikuwa tayari na majivu ya kupaka kidonda. Ndama alilia, akaachiwa, akakimbilia kunyonya, na baada ya muda mfupi alikuwa ameshasahau. Nimewaonea wivu ndama kwa jambo hilo maisha yangu yote.

Kisu kile kilikuwa na pengo karibu na ncha. Kiliwahi kugonga jiwe kabla sijazaliwa, na baba hakutaka kukinoa mpaka pengo liishe. Kwa hiyo kila sikio lililokatwa na baba lilibaki na kijino kidogo mahali ambapo makali hayakufika. Sikio linakua, ng'ombe anazeeka, kijino hakipotei. Na kwetu, ng'ombe akigombewa, wazee wa sungusungu, walinzi wa kijiji, hawakuuliza karatasi. Walisema, lete kisu. Kisu kilipachikwa kwenye mkato mbele ya watu wote. Kikikaa, ng'ombe ni wako. Kisipokaa, unaomba radhi na kwenda zako. Niliona kwa macho yangu mtamba wetu aliyechanganyika na kundi la jirani akirudi nyumbani kwa njia hiyo kabla jua halijafika utosini, na hakuna aliyenuna. Nikakua nikiamini kwamba dunia nzima inahukumu hivyo.

Kisha wakaibiwa Sukari na Majembe. Hawa walikuwa maksai wetu wa kulimia, Sukari wa rangi ya kahawia na Majembe mweusi, na ndio pekee tuliokuwa nao wa kazi. Sungusungu walifuata nyayo siku ile nzima mpaka zilipopotelea kwenye changarawe. Mvua za kwanza zilikuwa karibu. Shamba la pamba lilikuwa linasubiri, na mama alikuwa na mimba iliyokuwa imeshamchosha. Baba hakuzunguka maneno. Aliniita, mimi mtoto wake wa kwanza, akanieleza kwa Kisukuma kwamba maksai wasipopatikana, jembe la mkono litaniita mimi, na shule itabidi isubiri. Nilikuwa darasa la nne. Nilipenda shule kwa namna ambayo leo naona aibu kidogo kuieleza. Nilipenda hata vumbi la chaki.

Tumaini lilikuja kupitia kwa shangazi, dada yake baba, aliyekuwa akifanya biashara ya dagaa Lamadi. Alituma ujumbe kupitia kondakta wa basi. Alikuwa amevuka mpaka na magunia yake, na kwenye mnada wa ng'ambo amemwona Sukari akivuta mkokoteni wa ndizi, na mzee anayemwendesha huja pale kila siku ya mnada. Majembe hakumwona. Alisema sikio lile hawezi kulikosea, kwani amelitazama tangu akiwa msichana.

Mtendaji wa kijiji alimshauri baba aende polisi kwanza apate barua. Baba alimsikiliza kwa heshima zote, na tulipotoka nje akasema, "Barua hata mwizi anaandika. Kisu hakiandikwi." Huo ndio ulikuwa mpango wetu wote. Akakitia kisu kwenye kifuko cha ngozi, akakifunga kifuko kwenye mkanda, akachukua fimbo yake, akanichukua na mimi. Alinichukua kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu, nami nilikuwa nimekipata cha shuleni. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake.

Lamadi tulilala kwa shangazi. Nakumbuka dagaa walioanikwa juu ya mchanga, weupe kama makombo ya mwezi, na shangazi akitazama mawingu kwa hasira. Hakuweza kuja nasi. Mvua ikinyesha, mtaji wake wote ungeoza. Alituelekeza njia, akatufungia dagaa wa kukaanga, akamtania baba kwamba sasa amekuwa bwana mkubwa anayetembea na mkalimani. Baba alicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akicheka safari ile.

Mpaka ulinivunja moyo. Nilikuwa nimetegemea ukuta, au angalau shimo refu. Nilikuta mti uliolazwa kukatiza barabara, vibanda, watu wamepanga foleni, na kuku waliokuwa wakipita upande huu na ule bila kuulizwa chochote. Udongo ulikuwa ule ule. Ofisa aliyetupokea alikuwa mwanamke aliyevaa suruali na mkanda mpana, wa kwanza kumwona katika maisha yangu. Alimgusa baba kiunoni, akauliza kifukoni kuna nini. Baba akampa kisu bila wasiwasi, kama mtu anayeonyesha kitambulisho.

Ofisa alikikunjua, akasema hiki ni silaha. Nikamtafsiria baba. Baba akanijibu kirefu, mikono yake ikionyesha sikio, kigogo, majivu, na mimi nikajitahidi kuyabana yote yale kwenye Kiswahili cha darasa la nne.

"Baba anasema siyo silaha," nikasema. "Ni shahidi."

Watu kwenye foleni walicheka. Ofisa hakucheka sana. Aliniuliza shahidi wa nini, nikamweleza habari za Sukari na pengo na kijino, naye akasikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, maana hadithi za mpakani huwa tunazisimulia kana kwamba kila mwenye sare alizaliwa na roho mbaya. Alisema ng'ambo wakimkuta baba na kisu kile itakuwa kesi, na kesi ya nchi ya watu haina shangazi. Akiache pale au arudi nacho nyumbani, yeye achague. Fimbo waliiacha ipite. Kwa fimbo ile baba aliwahi kuua fisi.

Sasa, shuleni kwetu mwalimu wa zamu alikuwa na boksi. Ukikutwa na manati, kiwembe au gololi wakati wa kipindi, vilikwenda kwenye boksi, na siku ya kufunga shule mwalimu aliita majina, kila mtu akapewa chake na kofi dogo la kichwani. Nilipoona pipa nyuma ya yule ofisa, na visu vimo ndani, nilielewa mara moja. Nikamwambia baba kwamba watamtunzia. Wakifunga watarudisha.

Baba aliridhika. Aliona wenzetu wana utaratibu. Alikikunja kisu, akakitoa kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu mkubwa kitu, na ofisa akakipokea akakiangushia ndani ya pipa. Kikalia. Baba alishtuka kidogo kwa ule mlio, halafu tukavuka.

Mnada haukuwa mbali. Tulimwona Sukari kabla hatujaanza kutafuta, amefungwa kwenye mkokoteni chini ya mgunga, amekonda kiasi, anatafuna. Baba alipiga mluzi ule wa shambani. Sukari aliinua kichwa, akageuka na mkokoteni wake, ndizi zikamwagika. Kwangu mimi kesi ilikuwa imekwisha. Nilianza hata kufikiria tutampitisha njia gani.

Mwenye mkokoteni alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye kofia iliyotoboka. Aliokota ndizi zake bila kutukana mtu. Aliposikia shida yetu alikaa chini kabisa, akasema, "Mzee, hii ng'ombe mimi nilinunua hapa kwa soko, watu wakiona. Mimi si mwizi." Na tulimwamini, hilo ndilo lililokuwa gumu. Mwizi angetupa mtu wa kumchukia. Akaitwa msimamizi wa mnada, naye akamuuliza baba ana ushahidi gani. Baba akaonyesha sikio. Msimamizi akasema masikio ya ng'ombe wengi yamekatwa.

Hapo baba akapeleka mkono kiunoni. Naona mkono ule mpaka leo. Ulikwenda wenyewe, kwa mazoea, ukafungua kifuko, ukaingia ndani, ukakaa humo muda mrefu kuliko mkono unavyopaswa kukaa ndani ya kifuko kitupu. Kisha akanitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu aliyeamka mahali asipopajua.

Nikawaambia kisu kipo mpakani, kimetunzwa. Msimamizi akacheka akaenda zake, ana mnada wa kusimamia. Lakini yule mzee hakucheka. Alikaa akifikiri, akisugua goti. Halafu akasema njia yake ya kurudi nyumbani inapita karibu na pale mpakani, na yeye hawezi kulala na ng'ombe ambaye mtu mwingine anamlilia. Kama kisu kipo, twende tukione. Tukaondoka hivyo, baba mbele, mimi katikati, mzee na mkokoteni nyuma, na Sukari akitembea kwa ile hatua yake ya shambani kana kwamba anarudi nyumbani.

Ofisa wa suruali alikuwa amemaliza zamu. Aliyekuwepo alikuwa mwanamume mnene, amechoka, anataka jua lizame aondoke. Nikaanza hadithi upya, sikio, kigogo, pengo, na sauti yangu ilikuwa imeanza kukauka. Aliponisikiliza mpaka mwisho aliinuka, akamwambia baba atafute mwenyewe. Baba akainama juu ya pipa. Vilikuwemo visu vya kila aina, vya jikoni, vya kukunja, vya mipini ya plastiki, kimoja kikubwa cha buchani, na nakumbuka niliwaza kwamba wenyewe wako wengi na siku ya kufunga kutakuwa na foleni. Baba hakuchukua muda. Aliutambua mpini kwa vidole.

Ofisa akamzuia kuvuka nacho. Ila, na sijui kwa nini, labda kwa kuchoka tu, au kwa sababu hata watu wa sheria hupenda kujua mwisho wa hadithi, alikichukua yeye mwenyewe akatoka nacho nje mpaka alipokuwa amesimama Sukari. Mzee akamshika ng'ombe pembe. Baba, kutoka upande wake wa ule mti uliolazwa, akamwelekeza kwa mikono: geuza, shusha, gandamiza kidogo. Makali yakaingia kwenye mkato, na kijino cha sikio kikaingia kwenye pengo.

Kikakaa. Watu wa foleni waliona, wauza ndizi waliona, ofisa aliona, na mzee mwenye kofia iliyotoboka aliona akafumba macho. Nikaruka. Nilipiga makofi peke yangu.

Wahenga walisema ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Siku ile ukweli ulidhihiri mchana kweupe, na uongo ukajitenga kweli, ila ng'ombe hakurudi. Ofisa alieleza polepole ili niweze kutafsiri. Amekubali kabisa kwamba ng'ombe ni wa baba. Lakini ng'ombe havuki bila kibali cha mifugo, na kibali hakitolewi bila taarifa ya polisi, na kisu hakiwezi kuandikiwa taarifa. Na huyu mzee amenunua hadharani. Akinyang'anywa atamdai nani? Mzee alisema, "Mimi naamini, kabisa. Lakini nina watoto, na huyu ndiye mguu wangu." Aliyasema hayo akimtazama baba usoni, na baba aliitikia kwa kichwa kabla sijamtafsiria. Nadhani hilo alilielewa bila mimi. Hata yeye alikuwa na watoto na alikuwa amepoteza mguu.

Nilitafsiri yote. Ni kazi mbaya kumwambia baba yako neno baada ya neno kwamba ana haki na haimsaidii kitu. Nililia nikiwa natafsiri, na sikuwa nalia kwa ajili ya Sukari. Nilikuwa nalilia shule.

Baba akaniambia nimweleze mzee kwamba ng'ombe huyu anavuta vizuri akiwa kulia. Asimpige mgongoni, ana kovu la zamani pale linamuuma wakati wa mvua. Anapenda majani ya viazi. Na akimwita amwite Sukari, ndilo jina analolijua. Mzee alirudia jina lile mara kadhaa, taratibu, mpaka likakaa vizuri mdomoni mwake. Sukari aligeuza kichwa. Wakaondoka, na mkokoteni ukapiga kelele mpaka kwenye kona.

Ofisa akarudi ndani, akamwambia baba sasa anaweza kukichukua kisu chake arudi nacho nyumbani, hakuna kosa. Akamnyooshea. Baba alikishika, akakikunja, akakipima mkononi. Halafu akasogea kwenye pipa akakiangusha mwenyewe. Ofisa alishangaa, akauliza mzee vipi, na mimi nikamuuliza baba anasemaje.

"Mwambie shahidi ameshasema," baba akajibu. "Aachwe apumzike."

Tulitembea kwenda kutafuta gari, dagaa wa shangazi bado wako kwenye mfuko, hatujawagusa. Nilikuwa bado sijaelewa. Niliona tu kwamba baba amekiacha kisu kwa hiari yake, kama wanafunzi wakubwa walivyoacha vitu vyao kwenye boksi kwa sababu kufunga shule kulikuwa karibu. Nikamuuliza kama wakifunga atakuja kukichukua.

Alinishika kichwa, mkono wake ukinuka chuma, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Wakifunga, mayu, utanikumbusha."

Msimu ule tulilima kwa mkono. Shule nilirudi mwaka uliofuata nikiwa mrefu kuliko darasa langu, na sikuwahi tena kuwa mtoto wa kupenda vumbi la chaki. Nilikuwa nimeshajua jinsi mgongo unavyouma. Mama alijifungua salama, namshukuru Mungu. Ng'ombe tulipata wengine kidogo kidogo, lakini baba hakukata tena sikio. Alisema hana kisu, na aliponunuliwa kingine alikitumia kumenyea viazi. Leo ng'ombe wa wadogo zangu wana hereni za plastiki za njano zenye namba, na wanapendeza, sitasema uongo.

Kila muhula shule ilipofungwa nilimkumbusha. Mwanzoni kwa kumaanisha, baadaye kwa utani, na alipozeeka na kulala kitandani hospitalini nilimkumbusha kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kusema. Kila mara alijibu bado hawajafunga. Tulipomzika, wadogo zangu waligawana walivyogawana, nami nikaomba kifuko kile cha ngozi, ambacho alikivaa kiunoni kikiwa kitupu mpaka mwisho. Hakuna aliyegombana nami kwa ajili ya kifuko kitupu.

Kwa hiyo mwezi uliopita, kisu changu kilipolia ndani ya pipa, na watu nyuma yangu wakilalamika kwamba mama unatuchelewesha, nilimgeukia yule kijana mwenye sare nikamuuliza, "Mnafunga lini, baba?"

Alidhani nina haraka ya kurudi na mizigo. Akanijibu kwa adabu kabisa, kama anayenipa habari njema. "Hatufungi, mama. Siku hizi ni saa ishirini na nne."

Nikamshukuru, nikafunga mkoba, nikavuka.